Gego la Nyuma Limehamia Mbele

Machi 6

Daktari wa meno amenikataza kuongea mpaka nipone. Angenikataza kula ningemwelewa upesi zaidi. Mimi naongea tangu nakaa kwenye cherehani asubuhi mpaka naifunika jioni, na wateja wangu wengine naamini wanafuata maneno kuliko mshono. Basi nimechukua daftari jipya, na yote ambayo ningeyasema nitayamwaga humu.

Jana nilisagwa jino. Niandike vizuri, maana kitinda mimba wangu nilipomwambia kwa simu alidhani mama yake kachanganyikiwa. Jino langu la mbele, la juu, lilipasuka mpaka kwenye mzizi. Sikupigwa na mtu wala sikuanguka. Ni nyuzi. Tangu nijifunze ushonaji nimekuwa nikikata uzi kwa meno, na marehemu mume wangu akanipa jina la Mkasi, mtaa mzima ukalidaka. Jino likaoza chini kwa chini. Lilipong'olewa, usaha ulikuwa umeshakula mfupa wa taya.

Nikatengenezewa jino la kuvaa na kuvua. Siku moja nimeinama namfunga mteja vifungo, nikacheka, jino likachomoka likatumbukia ndani ya gauni lake. Tulilitafuta wote wawili. Tangu siku hiyo nikicheka mbele ya watu mkono unakwenda mdomoni wenyewe, na mara nyingi sicheki kabisa. Mwenzangu wa dukani anayepiga mashine ya ovaloki, ambaye sisi tunamwita Ovaloki kama mashine yake, alisema siku hizi nacheka kwa mabega.

Daktari alitaka kuniwekea jino la skrubu, lile linalofungwa kwenye mfupa moja kwa moja. Akapiga picha, akatikisa kichwa. Hakuna mfupa wa kuishika hiyo skrubu. Akaniambia wanaweza kukata kipande cha mfupa kidevuni wakakipandikiza juu. Nikachukua mkoba wangu nijiondokee. Ndipo akaniuliza, kwa upole tu, "Mama, hilo gego lako la mwisho huko nyuma linakusaidia nini?"

Lile gego liliota kwa ubavu, halijawahi kutafuna hata punje ya mchele. Wenzake watatu hawakuota kabisa, hilo moja likaja kivivu na kukaa. Daktari akanieleza kwamba jino na mfupa ni ndugu wa damu. Jino likisafishwa na kusagwa, punje zake zikajazwa pale palipoliwa, mwili unazitambua kuwa ni zake na unajenga mfupa taratibu kuzizunguka. Ila liwe jino la mtu mwenyewe.

Kwa hiyo jana gego lilitoka. Nililiona likikwanguliwa nyama na kukaushwa, kisha likaingia kwenye kimashine kidogo kama cha kusagia pilipili manga. Sauti yake ilikuwa fupi. Zikatoka punje kama chumvi ya mawe, zikalowekwa dawa, zikasuuzwa, zikachanganywa na damu yangu kidogo, halafu akazishindilia kwenye pengo na kunishona. Nimeshonwa mimi, fundi. Nilitamani kuuona mshono wake lakini nimekatazwa kuinua mdomo wa juu.

Wifi alinisindikiza. Binti yangu, huyo kitinda mimba, ndiye aliyemwomba aje kukaa nami msimu huu wa mvua, maana yeye yuko mbali na kazi yake haimruhusu. Wifi alifika nami mpaka kibarazani kwa daktari, akasema atangojea hapo. Mvua ilikuwa inamrushia maji miguuni, na ndani kulikuwa na viti vitupu. Hakuingia. Nimeliona hilo na nimeliweka moyoni.

Hata hivyo leo nashukuru. Lile gego lilikaa bure miaka yote hiyo, na siku lilipoitwa kazini halikukataa.

Machi 7

Mvua. Shavu limevimba kama nimeficha ndimu. Wifi kapika uji, kaupoza, kauleta. Asante hiyo naiandika kwa sababu kuisema siruhusiwi.

Machi 9

Wifi ana mashine ya kusaga nafaka. Ameishi ndani ya ule mngurumo mpaka sauti yake imejipima nao, sasa hata akikuuliza kama umelala vizuri majirani wote wanajua anataka kujua. Asubuhi alisimama mlangoni kwangu akanguruma, "Mkasi, umemeza dawa?" Nikatikisa kichwa kuitikia. Akarudia kwa sauti zaidi, kana kwamba nimekuwa kiziwi na si bubu.

Niseme ukweli, sikufurahi aliposema anakuja. Kuna jambo la gauni. Baada ya msiba wa mume wangu, ambaye ni kaka yake wa kufuatana, nilimshonea Wifi gauni la kumalizia matanga. Nililishona huku machozi yananitiririka, na bado halikupinda popote. Siku chache baadaye nikaliona gauni hilohilo kwenye meza ya Ovaloki, linafumuliwa ubavuni. Wifi kalipeleka kwa fundi mwingine likarekebishwe! Kwa fundi mwingine, na meza zetu zinatazamana. Ovaloki mwenyewe aliona aibu, akanifichia kwa gazeti. Sikumuuliza Wifi hata neno. Tangu hapo tunasalimiana vizuri, tunaulizana afya, basi.

Na sasa anapoza uji wangu.

Machi 11

Ovaloki kaja kunijulia hali. Kakaa kitako, kasimulia ya dukani yote, na mimi sikuweza kumkatiza hata mara moja. Alipoondoka alisema hajawahi kufaidi mazungumzo yangu kama leo. Nimecheka kwa mabega, mshono ukanivuta.

Ameniletea kimto cha kuchomekea pini, kakishona mwenyewe. Daktari amesema hata jino likija, sitaweka pini mdomoni tena wala kukata uzi kwa meno. Kimto chenyewe kimekaa upande. Nakipenda.

Machi 13

Mvua tena, barabara imeanza kutuama maji. Wifi naye anakunywa uji na viazi vya kuponda kama mimi. Anasema hawezi kuchafua sufuria mbili kwa watu wawili. Nimeona ni uvivu, ila sina mdomo wa kusema.

Machi 15

Nimefanya jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya, na nina miaka ya kutosha kuwa na mengine ya kulinganisha.

Asubuhi nilijisikia vizuri. Uvimbe umeshuka, maumivu hakuna. Nikaona nimalizie pindo la sketi ya mteja mmoja, kazi ya mkono tu, ya kukaa dirishani. Nikawa nashona. Sasa kuna uzi mmoja wa mshono wa mdomoni, ncha yake ilikuwa ndefu kidogo, inanitekenya ndani ya mdomo wa juu. Ulimi ukawa unakwenda pale, unarudi. Unakwenda, unarudi. Nikafika mwisho wa pindo, nikafunga fundo, nikachukua kimkasi changu cha nyuzi nikaukata uzi wa sketi. Kioo cha wateja wanaonifuata nyumbani kilikuwa mbele yangu. Nikainua mdomo nitazame kidogo tu. Nikauona uzi unaning'inia.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye cherehani ananielewa. Uzi unaoning'inia hauachwi. Unauvuta kidogo, unaukata karibu na kitambaa. Mkono wangu umefanya hivyo maisha yangu yote, na leo ulifanya bila kuniuliza. Nilivuta, nikakata, na nilipokata nikakumbuka kitambaa chenyewe ni nini.

Fundo likafumuka. Damu ikaja. Halafu nikahisi punje kwenye ulimi, kama mchanga kwenye wali, na nikajua ni gego langu. Nikazitema kiganjani. Nikasimama nazo hapo mbele ya kioo, sijui niziweke wapi.

Wifi alitoka jikoni. Nilidhani atanguruma. Badala yake alinitazama, akatazama kimkasi, akaelewa yote. Alichukua kitambaa safi kwenye rundo la vitambaa vya wateja, akakikunja, akaniwekea akaniambia ning'ate taratibu, nisifungue. Akazifunga zile punje kwenye kipande kingine. Akavaa viatu vya mvua vya marehemu kaka yake vilivyokuwa nyuma ya mlango, mimi akanivalisha koti, tukatoka.

Mvua ilikuwa inamwagika. Pale kwenye mteremko kabla ya kwa daktari maji yalikuwa yamevuka barabara. Wifi alipandisha gauni mpaka magotini, akatangulia, akawa anapapasa chini kwa mguu kabla ya kunivuta. Mkono wake ni mgumu kama ubao. Nilimshika kwa nguvu mpaka leo hii, jioni, vidole vinaniuma.

Tulipofika kibarazani nilijua atabaki. Niliuachia mkono. Akaushika tena, akaingia nami. Aliponisindikiza mpaka kwenye kiti cha daktari nikaona uso wake umekuwa wa majivu na jasho limemtoka juu ya mdomo, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Sikuelewa.

Daktari alisafisha, akatazama muda mrefu. Akamwonyesha Wifi mahali pa kusimama. Alisema punje zimetoka kiasi, zilizobaki ni nyingi zaidi, lakini zimeguswa na zinaweza kuingia uchafu. Zile za kwenye kitambaa haziwezi kurudi. Atanishona upya na tutangoja. Na kama hazitashika, nilimuuliza kwa macho.

"Kama hazitashika, mama, tutarudi kwenye kidevu. Gego jingine la kusaga huna."

Kidevu sikati. Nimeshaamua hilo na nimeliandika hapa ili nisije nikajibishana nalo. Hii isiposhika, nitabaki na pengo na mkono mdomoni mpaka nizikwe.

Ndipo Wifi akasema, "Chukua langu."

Daktari akamwuliza lipi. Wifi akafungua mdomo kidogo sana, akaonyesha kwa kidole nyuma, upande wa kushoto. Akasema lipo hapo linamsumbua tu, tangu kabla ya mvua za mwaka jana linamnyima usingizi, ling'olewe lisagwe atiwe Mkasi. Alisema kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia na sauti hiyo.

Daktari alimweleza kwamba pale kwake hawaweki jino la mtu kwenye mdomo wa mtu mwingine. Kuna maradhi yanayoweza kuhama, na mwili unaweza kulikataa.

"Likishasagwa nani atajua ni la nani?" Wifi akasema. "Mimi nasaga mahindi ya watu kila siku. Yakishakuwa unga ni unga."

"Mwili wake utajua, mama."

Wifi akasema basi sawa. Akarudi akasimama ukutani, na mimi nikashonwa mara ya pili huku nimefumba macho, machozi yananitoka, na daktari akaniuliza kama sindano ya ganzi imeisha nguvu. Nikatikisa kichwa kukana. Haikuwa ganzi.

Machi 16

Wifi anaogopa kiti cha daktari wa meno. Ndiyo habari yenyewe. Mwanamke huyu anabeba gunia begani, anawafukuza wezi wa nafaka kwa ufagio, na anaogopa kiti. Utotoni aling'olewa jino bila ganzi na mtu aliyemkalia kifuani, kaniambia leo wakati anapoza uji. Na uji anakunywa kwa sababu hawezi kutafuna. Nilimwita mvivu humu. Nimerudi nikausoma ule mstari na nimeona haya.

Vimkasi vyangu vyote amevifungia kabatini. Ufunguo anao yeye.

Machi 20

Mvua. Naongea kidogo sasa, daktari karuhusu. Neno langu la kwanza lilikuwa asante, Wifi akauliza kwa sauti yake ya mashine, "Unasemaje?" Ikabidi nirudie.

Machi 31

Nyuzi zimetolewa, na daktari, si mimi. Amesema ufizi umefunga vizuri kwa juu. Chini kukoje hajui, picha itasema mvua zikiisha. Nilimuuliza ishara za kwamba imekataa. Akasema punje zitatokeza moja moja kwenye ufizi, au panaweza kuvimba tena. Afadhali asingeniambia, maana sasa kila asubuhi natembeza ulimi kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali.

Nimemshika Wifi nikamwambia naye aonwe jino lake. Alijifanya hasikii. Nikarudia. Akaniambia tuwekeane ahadi: langu likishika, atakaa kwenye kile kiti. Likikataa, tusizungumzie habari hiyo tena. Nikakubali kabla sijafikiri. Sasa nabeba meno ya watu wawili.

Aprili 5

Hakuna punje.

Aprili 6

Hakuna punje. Mvua imeingia chumba cha mbele, vitambaa vyote tumevipandisha juu ya kabati. Wifi kapanda kwenye kiti, mimi nampa. Tumeimba.

Aprili 14

Nimerudi dukani. Ovaloki ametandika kiti changu kama nimetoka kujifungua. Wateja wanauliza habari za jino, nami nawapa kuanzia mwanzo. Mmoja hakuamini. Aliniambia hivyo vitu havipo, jino halisagwi likawa mfupa, nimelaghaiwa. Alizungumza kwa uhakika mpaka nikapoa kabisa. Nilirudi nyumbani kimya, Wifi akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akasema huyo mtu hata gauni lake mwenyewe hajui ni la kitambaa gani, atajua ya ndani ya taya langu? Nikacheka. Mkono ukaenda mdomoni.

Wifi ananipokea kila jioni na maji ya uvuguvugu ya chumvi. Sijui mwanzo nilikuwa namwona vipi mtu huyu. Niliisikia sauti nikadhani ndiye yeye.

Aprili 22

Punje.

Moja tu, ndogo. Ilikuwa kwenye ufizi upande wa juu, nikaihisi wakati nasukutua. Nikakaa chini jikoni. Wifi akanikuta hapo. Nikamwambia imekwisha, ndiyo hiyo aliyoisema daktari, na nimeiua mwenyewe kwa kimkasi. Nililia kwa sauti kama kwenye msiba, na nikasema mambo ambayo sikujua nilikuwa nayo. Nilimwambia kwamba marehemu alipenda kunichekesha, kwamba hata wiki ya mwisho, hata na zile mashine za hospitali, alinichekesha, na kwamba sasa nimeweka mkono juu ya kitu pekee alichoniachia.

Wifi hakunibembeleza. Alikaa chini pia, pale sakafuni, na magoti yake hayapendi sakafu. Kisha akasema, "Kaka yangu alikuwa anakuiga unavyocheka. Nyumbani, ukiwa haupo. Alikuwa hawezi kumaliza, anacheka mwenyewe."

Sikulijua hilo. Nimeishi na mume wangu muda wote ule, na sikulijua.

Aprili 23

Daktari ameiondoa punje, akapabonyeza, hakuna usaha, ufizi ni wa waridi. Amesema moja pekee si kitu, hata mshono mzuri hudondosha uzi mmoja. Nikamwuliza kama anasema kweli au ananituliza. Akasema yote mawili.

Wifi alikaa ndani, kwenye kile kiti cha kungojea cha karibu na mlango. Shavu lake la kushoto kalishika.

Mei 3

Hakuna punje. Nashukuru kwa uji, kwa ndizi mbivu, kwa kimto cha Ovaloki kilichokaa upande.

Mei 9

Shavu la Wifi limevimba. Anasema kalalia mkono. Nimemwambia asingoje ahadi, twende sasa. Kakataa katakata. Anasema alishatoa neno lake na halirudishi nyuma wala halisukumi mbele, na akajifungia chumbani na kitambaa cha maji ya moto. Ninamwombea taya langu lishike upesi, na safari hii si kwa ajili yangu.

Mei 19

Uvimbe wake umepungua kwa dawa alizopewa na daktari, ambazo mimi ndiye niliyekwenda kuziomba. Daktari amesema dawa zinanunua muda tu, jino lazima litoke. Ameniambia pia jambo moja lililonifurahisha, ila Wifi sijamwambia bado. Ngoja picha.

Mei 28

Jua asubuhi nzima. Nimeanika kila kitu.

Juni 4

Mvua zimeisha, nadhani. Kesho kutwa ndiyo picha. Wifi kapiga deki nyumba mara mbili.

Juni 6

Nitaandika taratibu.

Tulikaa kwenye benchi la kibarazani. Kabla sijaitwa, Wifi alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja, anatazama mbele. Nikamwambia kama likikataa itakuwa nafuu yake, hatakaa kwenye kiti. Nilidhani atatabasamu. Hakutabasamu. Akaniambia, kwa ile sauti ndogo, "Wifi, lile gauni la matanga halikubana."

Sikumwelewa kwanza. Halafu nikamwelewa.

"Nililivaa nyumbani likanikaa sawasawa," akasema. "Lakini ulitaka nije kwako ulitazame mwilini, na wewe siku zile ulikuwa unavaa mashati ya kaka yangu. Nilifika mpaka mlangoni pa duka nikakuona umeinama kwenye cherehani na lile shati lake la bluu. Nikashindwa. Nikampa Ovaloki alipotoka, nikamwambia apanue popote, ili ukiuliza mbona sikuja niseme limeshajaribiwa kwake."

Muda wote huo! Na mimi nilikuwa nimekaa na gauni rohoni kama mfupa wa samaki kooni. Nilitaka kusema mengi. Msaidizi wa daktari akaniita ndani. Nikamshika Wifi bega, basi, nikaingia.

Picha ikapigwa. Daktari aliiweka kwenye kioo chake chenye taa, pembeni akaweka ile ya mwanzo. Ya mwanzo palikuwa na kivuli cheusi, kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Ya leo pamejaa weupe. Sikuamini macho yangu, nikamwomba anionyeshe kwa kalamu. Akanionyesha: hapa punje bado zinaonekana kidogo, hapa zimeshikana na mfupa hazitofautiki. Upande mmoja, pale nilipokata, ni pembamba kuliko alivyotaka. Lakini panashika. Skrubu itashika.

"Limeshika?" Wifi akauliza kutoka mlangoni. Alikuwa amefungua mlango mwenyewe.

"Limeshika, mama."

Akavuta pumzi. Akasema, "Lingekataa kidogo tu," na akaingia akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, na mkoba wake mapajani kama anangoja kusafiri.

Ndipo nilipomwambia lile jambo. Jino lake limeoza upande mmoja, daktari ataukata huo uchafu autupe, na kilichobaki ni kizima. Kitasagwa, na punje zitajaza pengo lake mwenyewe, taya lisije likasinyaa kama langu. Halitapotea. Wifi akamtazama daktari, akauliza kama ni kweli. Halafu akasema kwamba akitaka kukisikia kimashine kikisaga, asizuiwe. Yeye mashine anazijua.

Nilimshika mkono wakati wote jino likitolewa. Aliniminya mpaka nikaona nyota. Hakupiga kelele hata moja. Kimashine kilipolia, ile sauti yake fupi, alifumbua macho, akasikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama anayepokea unga wa daraja la kwanza.

Juni 7

Sasa yeye ndiye aliyekatazwa kuongea. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani. Nimepika uji, nimeupoza, nimempelekea. Nimepiga porojo peke yangu tangu asubuhi na hakuna wa kunikatiza. Maskini, ananitazama tu.

Juni 9

Jua. Nimemtolea Wifi kitambaa cha kijani nilichokuwa nakificha kwa ajili yangu. Nimempima akiwa amesimama katikati ya chumba na shavu lake limevimba, pini zote kwenye kimto. Safari hii nitalijaribisha mwilini mwake mimi mwenyewe, na shati la bluu liko kabatini, linaweza kukaa humo.

Jioni nilikuwa naunga bega la gauni hilo. Nikafika mwisho wa mshono, nikafunga fundo, na mkono ukanyanyua uzi kuupeleka mdomoni. Mkono huu haufundishiki. Wifi alikuwa amejilaza kwenye mkeka, na kuongea haruhusiwi, kwa hiyo alichukua mwiko akaipiga sufuria ya uji kwa nguvu zake zote za mashine ya nafaka. Nikaruka nusu nianguke na cherehani. Akainuka, akachomoa ufunguo kifuani, akaenda kabatini akaniletea kimkasi kimoja, akakiweka mezani mbele yangu kwa mikono miwili kama anatoa zawadi.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, mpaka machozi, kile kicheko ambacho marehemu alikuwa anakiiga nikiwa sipo. Yeye alishika shavu lake kwa mikono miwili, anacheka kwa mabega, anaumia, ananionyesha ishara ninyamaze nitamfumua mishono.

Jino langu jipya litakuja miezi ijayo, mambo ya skrubu hayana haraka. Pengo bado liko pale pale mbele, mtu yeyote angepita dirishani angeliona lote. Ni baadaye, nilipotaka kujifuta machozi, ndipo nilipotambua kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika gauni la Wifi.